Bahati Mbaya ya Wiki ya 31

Kuna sentensi moja ambayo nikiisikia kwenye taarifa ya habari nazima redio: “Chanzo cha ajali hiyo kimeelezwa kuwa ni kupasuka kwa tairi la mbele.” Msomaji akishaitamka anavuta pumzi, anahamia kwenye michezo. Na chanzo cha tairi kupasuka ni nini? Hapo hakuna anayegusa. Tairi limepasuka, yaishe. Bahati mbaya. Kazi ya Mungu.

Sina ugomvi na kazi ya Mungu. Ninachosema ni kwamba Mungu anasingiziwa mambo mengi sana ya gereji.

Langu lilikuwa tairi la nyuma, upande wa kushoto, na lilipasukia mbele ya Chalinze tukielekea Morogoro, saa nane mchana, jua la utosi. Tulikuwa tunawahi sendofu ya binti wa ukoo. Mbele nilikaa na shemeji, nyuma walikaa mke wangu na mama mkwe, na katikati yao sufuria mbili za kukodi za kupikia pilau. Mama mkwe alikataa zisipelekwe kwenye buti, kwa kuwa kwenye buti kulikuwa na kreti za soda, na soda na sufuria havikai pamoja. Sikuuliza kwa nini. Mwanamume anayeitakia mema ndoa yake hamwulizi mama mkwe kwa nini.

Dalili zilikuwepo. Tulipoiacha Chalinze gari lilianza kuunguruma kwa nyuma, mngurumo wa chini chini unaopanda na kushuka pamoja na mwendo. Mama mkwe akasema, “Baba Neema, gari lako linalalamika.” Shemeji akaongeza sauti ya redio, na huo ndio msaada wa kifundi alioutoa siku nzima. Mimi nikaanza kutafuta mahali pa kutoa gari barabarani, lakini nyuma yangu kulikuwa na lori la makontena lililoning’ang’ania, na pembeni mtaro. Mngurumo ukageuka kuwa vishindo, dufu, dufu, dufu, mtu anapiga ngoma chini ya kiti cha mama mkwe. Kisha pwaa! Gari likakaa upande. Lori likatupita likipiga honi, dereva akitutazama kwa macho ya mtu aliyecheleweshwa na wajinga.

Kubadilisha tairi hakuna la kusimulia, isipokuwa jeki ilikuwa chini ya kreti za soda, na kreti za soda hazina mtu wa kuzishusha pale ambapo shemeji ameshika simu anatafuta mtandao.

La kusimulia ni mkutano. Ukitaka kujua nchi hii ina watu wangapi, haribikiwa na gari porini. Tuliposimama hapakuwa na kiumbe hata mbuzi. Sijamaliza kulegeza nati ya pili, nimezungukwa na kamati nzima: bodaboda wawili, mama muuza mkaa, mzee mwenye baiskeli, utingo wa lori lililoegeshwa ng’ambo, na watoto ambao sijui walitakiwa kuwa shule gani. Wote walikuja na jibu mkononi. Hakuna hata mmoja aliyeinama kulitazama tairi.

Bodaboda wa kwanza akasema msumari. Alisema kwa uhakika wa mtu aliyeupigilia yeye. Nikalizungusha lile tairi lililochanika, nikapitisha macho kote, msumari hakuna. “Umeshatoka,” akasema. Nadharia ya namna hiyo huwezi kuishinda. Msumari ukiwepo ndio ulioua, usipokuwepo umekimbia.

Na sikatai kwamba kipande cha chuma kinaweza kuua tairi. Tarehe 25 Julai 2000, pale uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle karibu na Paris, ndege ya Concorde ilikanyaga ukanda wa titani wa sentimita 43 hivi ikiwa inakimbia kuruka. Tairi likapasuka, kipande chake kizito kikalipiga bawa kwa chini penye tangi la mafuta, moto ukawaka, wakafa watu 113. Wachunguzi wa Ufaransa wangeweza kuandika “chanzo ni kupasuka kwa tairi” wakaenda zao kula chakula cha mchana. Hawakuandika. Walikiokota kile kipande, wakakipima, wakatafuta ndege zilizotangulia kwenye njia ile, mpaka wakajua kimedondoka kwenye injini ya DC-10 iliyoruka dakika chache tu kabla. Wakaendelea kuuliza na DC-10 yenyewe ilitengenezewa wapi, na nani aliufunga ule ukanda. Huko ndiko kuuliza chanzo. Sisi bodaboda anasema “umeshatoka,” na umati unaitikia kwa vichwa.

Shemeji naye akasema mwendo. “Ulikuwa unakimbia, shem.” Kukimbia! Tangu Mlandizi nilikuwa nyuma ya malori. Hata bibi harusi angetuwahi kwa miguu. Tairi lenyewe liliandikwa ubavuni 175/65R14 82Q, na ile Q ya mwisho ni kikomo cha mwendo, kilomita 160 kwa saa. Kigari changu hakitafika kilomita 160 kwa saa labda kisukumwe kutoka juu ya Uluguru.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye sufuria moja aliyoipindua, mtandio kichwani kukinga jua. Akasema neno moja tu: “Watu.”

Nieleze hapa kwamba mama mkwe wangu ni mtu wa sala na haamini kabisa mambo ya uchawi. Anaamini tu kwamba wapo watu. Asubuhi tulipokuwa tunapakia mizigo, jirani mmoja alisimama getini akasema, “Mmependeza, na gari limeoshwa!” Mama mkwe aliliweka moyoni hilo neno tangu Kimara.

Aliyeniudhi kuliko wote alikuwa yule utingo, kwa sababu ndiye aliyeaminiwa. Alikuja anafuta mikono kwa kitambaa cha oili, umati ukampisha, akanitazama kwa huruma na kusema, “Upepo mwingi, mzee. Barabara hii ina joto. Upepo ukipata joto unapanuka, tairi linazidiwa linapasuka. Safari za mchana unapunguza upepo.” Kamati nzima ikasema aaah. Hata mke wangu akasema aaah.

Sasa hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu maneno hayo hayo nilikuwa nimeyasikia saa chache kabla. Kituo cha mafuta tulichosimama njiani, kijana wa upepo alizunguka gari lote akibonyeza valvu, fyuuu, fyuuu, huku mimi niko dirishani nalipia mafuta. Niliporudi alinipa habari njema: “Nimekupunguzia kidogo bosi, kwa ajili ya joto.” Alisema kama mtu anayesubiri asante. Nikamwambia arudishe. Akanyoosha kidole kwenye kompresa, imezima. Umeme umekatika wakati huo huo, baada ya kupunguza na kabla ya kujaza, kwa maana umeme wetu una adabu zake.

Elimu hii ya kupunguza upepo imesambaa kuanzia Tunduma mpaka Namanga na hakuna mtaala wowote unaoifundisha. Sehemu moja yake ni kweli: hewa ikipata joto inasukuma zaidi. Ukijaza PSI 32 asubuhi gari likiwa limepoa, mchana baada ya kilomita kadhaa kipimo kinaweza kukuonyesha 37 au 38, kwani kila nyuzi joto tano au sita zinazoongezeka zinapandisha kama PSI moja. Lakini hilo waliolitengeneza tairi wanalijua. Kile kiwango kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva ni cha tairi lililopoa, na kupanda kwake barabarani kumeshahesabiwa humo. Mlangoni kwangu kimeandikwa kwa Kijapani na kizio ni kPa, 220, ambayo ni PSI 32 tu ukiigeuza. Matairi mengi ya gari ndogo yanaandikwa ubavuni kikomo cha PSI 44 au 51, na hata hapo hayapasuki. Yametengenezwa kustahimili zaidi ya hapo kwa mbali. Hewa iliyopanda kutoka 32 hadi 38 haijawahi kumtisha tairi mzima.

Kinachomtisha ni hewa pungufu. Tairi lisiloshiba linalala, ubavu unakunjika kila gurudumu linapozunguka na kunyooka tena, mara mia kadhaa kwa dakika, na mpira unaokunjwa na kunyooshwa hivyo unazalisha joto lake wenyewe kutoka ndani. Joto la lami ni cha mtoto. Kwa hiyo yule anayepunguza upepo ili tairi lisipate joto anafanya kazi ya kulipasha. Na ile namba 82 niliyoitaja, inayomaanisha tairi linabeba kilo 475, inasimama pale tu upepo ukiwa kamili. Ukipunguza upepo umepunguza na kilo, ila kreti za soda hazitaarifiwi. Wala mama mkwe.

Nilijaribu kumweleza utingo. Akanisikiliza kwa upole wote, kisha akawageukia wenzake akasema, “Mzee kachanganyikiwa na jua.”

Hatukukosa sendofu. Pilau lilipikwa, binti aliagwa, shemeji alisimulia kwa wageni jinsi alivyobadilisha tairi. Mimi niliondoka Morogoro nimelibeba lile tairi bovu kwenye buti, mahali zilipokuwa kreti, na mke wangu akawa ananiuliza toka Mikese mpaka Mbezi kwamba litakaa wapi likifika nyumbani.

Lilikaa kwa Mzee Pancha. Jina lake la kuzaliwa halijulikani mtaani kwetu, hata kwenye daftari la rambirambi anaandikwa Mzee Pancha. Ana mwembe, benchi, beseni la maji meusi, kompresa inayokohoa, na rundo la matairi wanalokalia vijana kujadili Simba na Yanga. Kaanza kazi enzi zile matairi yanatoka Arusha, kiwanda cha General Tyre kikiwa kinafanya kazi, na mpaka leo ukimletea tairi la kutoka ng’ambo analinusa kwanza kwa dharau.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba. Umeua?”

“Limejifia.”

“Halijifii hilo,” akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Chalinze nikampata mtu aliyeinama.

Kwanza hakugusa sehemu iliyochanika. Alipitisha kidole gumba kwenye mdomo wa tairi, ule ukingo unaokaa kwenye ringi, mzunguko mzima, polepole, ulikuwa mzima. Akaingiza mkono ndani akapapasa mbavu. “Ungegonga shimo,” akasema, “kamba za ndani zinakatika, unakuta mpasuko una matawi. Hapa hakuna. Na nje ungeona nundu.” Shimo likaachiwa huru. Kisha akautoa mkono, akanionyesha kiganja: kimejaa unga mweusi, laini, wa mpira uliosagika. Ubavu wa ndani ulikuwa na mstari wa mduara, umekwaruzika, umepauka. “Limetembea na upepo mdogo,” akasema. Nikamkumbuka kijana wa upepo na asante aliyokuwa akiingojea.

Nilidhani kesi imeisha. Mzee Pancha akasema unga wote ule si wa safari moja. Tairi hili lilikuwa linavuja kidogo kidogo zamani, linajazwa, linavuja. Akaligeuza upande wa kashata, ule unaokanyaga barabara. Kashata ilikuwa imebanduka kipande kirefu kama mkono wa mtu mzima, na chini yake zimechomoza nyaya nyembamba za chuma. Tairi la siku hizi ndani ya kashata lina mikanda ya nyaya hizo, ndiyo inayolishika lisitanuke. Karibu kote nyaya zilikuwa nyeupe zinang’aa, zimekatika siku ile ile. Isipokuwa sehemu moja, pana kiasi cha kiganja, ambapo zilikuwa nyekundu. Kutu. Katikati ya kutu palikuwa na kitobo, na kwenye kitobo kumekwama kijikamba cheusi cha kuzibia pancha, kichwa kimekatwa kwa wembe.

Mzee Pancha alikivuta kwa koleo, kikatoka bila ubishi, akakitupa kwenye beseni kwa chuki ya kitaaluma. Hiyo ni pancha ya dakika tatu: tairi halitolewi kwenye ringi, fundi anachoma kamba yenye gundi kutoka nje, anakata mkia, anapokea hela. Inakufikisha nyumbani, hilo halina ubishi. Lakini kazi inayostahili ni kulitoa tairi, kulitazama ndani, kukwangua, na kuweka kiraka kwa ndani chenye mkia unaoziba tundu lote. Bila hivyo maji ya mvua yanapita kitoboni, yanafika kwenye nyaya, nyaya zinapata kutu, na mpira hauna urafiki na kutu, unaachia. Unaachia kidogo mwaka huu, kidogo mwakani. Siku moja ya joto na mzigo na upepo pungufu kashata yote inaamua kushuka. Ule mngurumo alioutaja mama mkwe ndio kashata ilikuwa inaaga. Vishindo vilikuwa kipande kilichoachia, kinapiga chini ya gari.

Sikuijua pancha hiyo. Gari nimelinunua mkononi mwa mtu, likiwa na matairi hayo hayo, na muuzaji alinipigapiga kashata kwa kiganja akisema, “Tairi zote bado, kaka, huna haja ya kugusa mwaka mzima.” Na kweli kashata ilikuwa juu. Vijistari vingi vidogo vidogo vya kupendeza kila bonge, kazi ya mikono safi kabisa.

Vile vijistari ndivyo vilivyomleta mwanangu kwenye kesi. Yuko kidato cha pili na hakuna kitu kinachomfurahisha kama baba kutokujua jambo. Alilikuta tairi limelala uani, akasoma ubavu, akauliza, “Baba, STUDLESS ni nini?” Nikamwambia ni jina la kampuni. Akatoa simu ya mama yake.

Ni tairi la theluji. Nililolibebea soda na mama mkwe kwenye jua la Chalinze ni tairi lililotengenezwa kwa ajili ya barabara za barafu kama za Hokkaido, ambako watu hubadilisha matairi majira ya baridi yanapoingia na kuyavua baridi inapokwisha. Mpira wake umefanywa laini makusudi, usigande joto likishuka chini ya nyuzi 7. Vile vijistari ni vya kung’ata barafu. Kiwango cha Q kilomita 160 ndicho cha kawaida kwa matairi hayo, kwa sababu hakuna mwenye akili anayekimbia kwenye barafu. Likikaa kwenye lami ya kwetu, ambayo mchana hupita nyuzi 50, linalegea, linacheza cheza, linapata moto na kulika haraka. Theluji pekee tuliyo nayo nchi hii iko kileleni Kilimanjaro, na huko magari hayaruhusiwi, hata yangeruhusiwa kigari changu kingekatia tamaa Marangu.

Kijana hakuishia hapo. Akasafisha ubavu kwa mate, akapata mwisho wa ile namba inayoanza na DOT kijumba cha tarakimu nne: 3113. Wiki ya 31 ya mwaka 2013. Wakati wa joto la Japani, wanatengeneza matairi ya baridi ijayo. Kampuni nyingi za matairi zinasema likishafika miaka 10 litolewe hata kama kashata ni ndefu namna gani, maana mpira unazeeka wenyewe ndani kwa ndani, kwa hewa na joto na jua, hata likiwa limening’inizwa stoo. Langu lilikuwa limeipita hiyo. Limezeekea ugenini, halijaona theluji tangu lishuke bandarini.

Kinachoniudhi, na nakiri ninaudhika kwa ukali kuliko inavyofaa kwa afya yangu, ni kwamba mwisho wa uchunguzi wote huu sina mtu wa kumfokea. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka mtu mmoja, nimsimamie mbele, nimwambie ni wewe. Aliyeziba pancha kwa dakika tatu atasema gari liliondoka likitembea. Aliyelitoa tairi Japani alilitoa kwa sababu halifai tena, kwa hiyo yeye ndiye aliyetimiza wajibu. Aliyelipakia melini atasema alipakia gari, tairi lilikuwa chini yake. Aliyeniuzia alipigapiga kashata, na kashata haikumsaliti. Kijana wa upepo alinitakia mema. Umeme ulikatika. Soda zilikuwa za sherehe. Jua ni jua. Kila mmoja aliweka kidogo, na hakuna aliyeweka cha kutosha kuitwa polisi.

Charles Goodyear, aliyegundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto unakomaa usiyeyuke, alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni mengi, na kampuni inayotumia jina lake ilianzishwa baadaye na watu wengine. Namfikiria sana mtu huyo siku hizi. Mpira aliukomaza kwa moto, na moto huo huo ndio unaouangusha ukizidi. John Boyd Dunlop, aliyesajili tairi la upepo huko Belfast mwaka 1888, alikuwa daktari wa mifugo na alilitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Miaka 43 kabla yake Mskoti Robert William Thomson alishasajili wazo lile lile, dunia haikumsikia. Hata tairi lenyewe ukiuliza nani wa kulaumiwa hupati jina moja.

Jioni nikawakusanya wa nyumbani sebuleni nikawaeleza kwa mpangilio: kitobo, maji, kutu, unga mweusi, theluji, wiki ya 31, upepo wa kwenye kituo, uzito, lami. Nilizungumza vizuri, nadhani. Nilichora na karatasi.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. “Kwa hiyo kwa kifupi,” akasema, “ni bahati mbaya.”

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. “Fundi wa pancha ni nani? Aliyeuza gari ni nani? Yule wa upepo ni nani? Si nilisema? Watu.”

Nimelitafakari jibu lake kwa makini na sijapata pa kulipinga.

Kesho yake nikaenda kununua matairi. Si moja. Mzee Pancha aliyakagua na yale mengine, akakuna kichwa, akaniambia niende na hela. Duka nililoingia limepanga matairi mpaka darini, yote yamepakwa rangi ya kung’arisha mpaka unajiona. Muuzaji akanitolea moja la saizi yangu, akataja bei, nikasema sawa, kisha nikachuchumaa nikaanza kutafuta tarehe. Upande wa nje hakuna. Namba kamili mara nyingi huwa upande mmoja tu. Nikaligeuza. Wiki ya 12, mwaka 2016.

“Hili lina umri, kijana wangu.”

“Ni jipya, mzee. Halijawahi kutembea.”

“Halijatembea, limekaa.”

Akaleta la pili. 2017. La tatu tarehe imekwanguliwa kwa kitu chenye ncha, pamebaki alama. Wateja wakaanza kujaa nyuma yangu. Nikauliza upepo wake ngapi ukiwa wa baridi, linabeba kilo ngapi, limetengenezwa kwa nchi gani, joto au theluji. Muuzaji akaweka mikono kiunoni.

“Mzee, unanunua tairi au unaposa?”

Duka likacheka. Nikabaki nimechuchumaa pale pale. Mwishowe akapanda ngazi, akakaa huko juu muda mrefu akinung’unika, akashuka na tairi lenye vumbi lisilopakwa kitu, akalitua miguuni mwangu. Wiki ya 40, mwaka 2024, kashata ya kawaida, halina kijistari hata kimoja cha barafu. Nikalipapasa, nikamwambia sasa hapo tumeelewana, niletee manne.

“Haya, lakini bei si ile,” akasema. Nikamwuliza ile ilikuwa ya nini basi. Akanieleza kwa uvumilivu kwamba ile ilikuwa bei ya matairi yasiyoulizwa umri.